Jua Likiwa Mbele ya Kamera



Kila likizo ya shule inapokwisha, simu za jamaa zetu hurudi Mombasa zimejaa picha za bara. Watoto wamesimama kwenye nyasi, nyuma yao pana kilima, na juu ya kilima pana weupe mtupu, mfano wa shuka iliyoanikwa. Mtazamaji huuliza: mawingu yako wapi? Aliyepiga picha huapa kwamba siku ile mbingu ilikuwa ya samawati na mawingu yalijipanga kama majahazi yanayongoja upepo. Nami humsadiki. Mbingu ilikuwako, kamera ndiyo iliyoshindwa kuibeba pamoja na ardhi, ikaichukua ardhi na kuiacha mbingu iungue.

Nimekuwa nikipiga picha za mandhari tangu zama za filamu, baina ya darsa na darsa, kwa mapenzi tu wala si kwa biashara. Mintarafu ya hukumu ya picha sitaingia leo, kwa kuwa milima na miti si mahali ambapo wanazuoni wameshindania sana. Ninalotaka kulieleza ni taabu ya mwanga mkali, na nitaieleza kwa safari moja ya Machakos iliyonilazimu niifikiri taabu hiyo kwa makini kuliko nilivyopata kufanya kabla yake.

Mama mkwe wangu ni Mkamba wa Machakos. Alizaliwa kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, akaolewa pwani akiwa binti, na wajukuu wake hata leo humwita Susu, kama bibi anavyoitwa kwao. Macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Tabibu ameahirisha upasuaji hadi sukari yake iteremke, na sukari ya mtu wa umri wake haiteremki kwa amri. Huku nyuma, shamba la marehemu baba yake limekatwa viwanja, na sehemu ya chini ina wanunuzi tayari. Aliniita akaniambia: "Mwanangu, kabla hawajasawazisha matuta ya mama yangu, niletee picha yake. Nataka yaonekane matuta, na jua lionekane likishuka nyuma ya Mua, kama tulivyokuwa tukiliona tukipanda na maji."

Asiyejua upigaji picha ataliona ombi hilo jepesi. Anayejua ataona kwamba bibi ameomba vitu viwili ambavyo kamera haipendi kuvibeba pamoja. Mteremko ule unaelekea magharibi. Jua linapoteremka nyuma ya vilima vya Mua, matuta yaliyo mbele yako huwa kivulini na mbingu huwa ni moto. Nilimshauri nimpigie asubuhi, jua likiwa mgongoni mwangu na kila kitu mbele kimeangazwa vizuri. Akatikisa kichwa. "Ule ni mlima wa asubuhi. Si wangu."

Basi na tuseme kidogo juu ya tabia ya mwanga. Jicho la mwanadamu halioni mandhari yote kwa mara moja, hutembea. Likitazama wingu, mboni hujifinya. Likishuka kwenye kivuli cha mti, hujifungua, na akili huziunganisha habari hizo mbili bila ya sisi kufahamu. Kamera hupewa nafasi moja tu. Wapiga picha huupima mwanga kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia. Kamera nzuri za leo hubeba kiasi cha hatua 12 hadi 14, na simu kwa pigo moja hubeba pungufu. Jua likiwa ndani ya picha na shamba likiwa kivulini, tofauti hupita kiasi hicho. Kitu lazima kipotee, na mpiga picha asipochagua, mashine itamchagulia.

Jambo la kwanza la kuchagua ni wakati, na hapa sisi watu wa misikitini tuna elimu ambayo wengine huinunua. Tumefundishwa kuijua alasiri kwa urefu wa kivuli. Siku zile ambazo jua hupita utosini, mwezi wa Machi na wa Septemba, kivuli cha fimbo kinapolingana na fimbo yenyewe jua liko nusu ya njia baina ya utosi na upeo. Kanuni yangu ni kwamba kivuli changu kikiwa kifupi kuliko mimi, kamera ibaki mfukoni. Mwanga wa juu hulaza kila kitu: tuta halina kina, bonde halina mgongo, na mbingu ya upeoni hufifia kwa vumbi na mvuke. Kivuli kikinizidi urefu, ardhi huanza kupata umbo.

Vitabu vya Wazungu husifu sana saa ya dhahabu ya machweo, na kwao ni saa kweli. Jijini London, mwezi wa Disemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 au hivi, kwa hiyo mchana wote wa siku hizo ni mwanga wa kulalia. Machakos iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua huanguka karibu wima, uzi mmoja kwa takriban dakika nne. Kutoka pale linapoanza kuwa jekundu hadi linapotoweka hupati hata dakika 40. Mwenye kuchelewa kwa kunywa chai amekwisha kosa.

Wakati wa mwaka nao una hukumu yake. Disemba jua huchwa kusini mwa magharibi kwa nyuzi zaidi ya 20, na Juni huchwa kaskazini mwake kwa kiasi hicho hicho. Mtu aliyeondoka kijijini zaidi ya miaka hamsini iliyopita hukumbuka mlima na jua bila ya kukumbuka mwezi. Ukisimama Machakos ukaelekea kibla, ambayo huko iko karibu kabisa na kaskazini, magharibi iko mkono wako wa kushoto. Nikautumia mkono huo juu ya ramani, nikaona kwamba jua litashuka nyuma ya Mua hasa katika majira ya Machi na Aprili, na tena Agosti na Septemba. Agosti Machakos huwa na baridi na mawingu mazito ya kijivu, na Septemba ina vumbi. Nilichagua Aprili, mvua za masika zikiwa zimeosha hewa na matuta yakiwa na mahindi machanga.

Tulipanda basi, mimi, mke wangu na binti yetu mdogo, tukashuka pale njia panda ya Kyumvi, baada ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa. Shemeji alitupokea mjini, na kesho yake mchana tulikuwa kwenye mteremko.

Naomba msomaji aniwie radhi nikisimama kidogo kwenye matuta yenyewe, maana hayo ndiyo yaliyotupeleka. Machakos ya miaka ya 1930 ilikuwa nchi iliyokuwa ikimomonyoka hata serikali ya kikoloni ikaona ni karibu kuangamia. Mwaka 1938 watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga kupunguzwa kwa ng'ombe wao kwa nguvu. Baadaye nchi hiyo ikajengwa upya kwa jembe. Wanawake wa mwethya, ule msaragambo wa Wakamba, walichimba mtaro kufuata mzingo wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu, mvua baada ya mvua, mpaka mteremko ukawa ngazi. Njia hiyo jina lake ni la Kiswahili, fanya juu, na wataalamu wa udongo wa nchi nyingine huliandika hivyo hivyo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya mageuzi hayo ya Machakos, na miongoni mwa hoja zao zilikuwamo picha za zamani zilizolinganishwa na picha mpya za mahali palepale. Picha ya kilima, basi, yaweza kuwa shahidi. Na mama yake mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa waliochimba.

Saa kumi na moja jioni niliweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, na jua likaanza kuingia kwenye lenzi. Hapa ndipo inapokuja ile taathira ambayo wengi wenu mmeiona mkadhani ni nuru ya ajabu: duara za kijani na za zambarau zinazoelea juu ya picha, au ukungu mweupe unaofunika kila kitu. Si ajabu. Lenzi moja huwa na vipande vingi vya kioo, na kila uso wa kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaougusa. Vipande sita vina nyuso 12. Ukipiga hesabu, karibu asilimia 40 ya mwanga haifiki moja kwa moja, na sehemu ya huo uliopotea hurukaruka baina ya vioo mpaka itue pasipo pake. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi Zeiss nchini Ujerumani, alibuni njia ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza urudishaji huo, na lenzi za leo hurudisha sehemu ndogo sana. Lakini jua ni jua. Hata sehemu yake ndogo huonekana.

Doa la mwanga lina adabu yake. Daima hukaa kwenye mstari unaotoka kwenye jua na kupita katikati ya picha. Ukisogeza kamera kidogo, doa huhama, na mara nyingi huweza kulitoa kwenye uso wa mtu ukalipeleka kwenye kichaka. Ukungu ni mbaya zaidi kwa sababu hauna mahali. Huingia kila pahali na kuufanya weusi uwe kijivu. Huo ukungu, wallahi, ndio ule ule wa mama mkwe wangu. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyo ndani ya jicho kupoteza uwazi wake. Mwanga hutawanyika ndani, na taa ya gari iliyo mbali huifunika barabara nzima. Tabibu alipokuwa akitueleza hayo, nilielewa kwa nini mzee anayaona madirisha lakini hawaoni watu waliokaa mbele ya madirisha. Nikaelewa pia kwamba picha niliyotumwa isipokuwa safi, ukungu wa lenzi yangu utajumlishwa na ukungu wa jicho lake, na hataona kitu.

Kwa hiyo nilianza na usafi. Sisi wa pwani lenzi zetu hubeba chumvi ya bahari, alama za vidole na mafuta ya nazi, na unyevu wetu hulea kuvu ndani ya kioo kamera ikifungiwa kabatini mwaka mzima. Kitambaa safi, pumzi kidogo, na kufuta kwa mzunguko. Simu ndiyo yenye haja zaidi, kwa kuwa hutoka mfukoni. Kisha niliondoa kile kioo cha kinga kinachofungwa mbele ya lenzi, kwa kuwa kinaongeza nyuso mbili za kurudisha mwanga. Jua lilipokuwa bado juu ya ukingo wa picha, binti yangu alinyosha bahasha ya kaki juu ya lenzi mpaka kivuli chake kikalifunika kioo, akiangalia isiingie pichani. Kofia pia hufaa, au kiganja. Lakini jua likishaingia ndani ya picha, hakuna kivuli kitakachokusaidia, na kuchungulia jua kwa lenzi ndefu kupitia dirisha la kioo la kamera ni hatari kwa jicho. Tazameni kwenye skrini.

Kando ya shamba palikuwa na mti wa grevilea. Nilisogea hatua tatu kushoto, jua likaingia nyuma ya shina, na papo hapo ukungu ukaondoka na matuta yakarudi. Hiyo ndiyo hila ya bei rahisi kuliko zote. Machujio ya kioo nilikuwa nayo mawili, na hayakunifaa. Lile linaloukoleza usamawati wa mbingu hufanya kazi jua likiwa ubavuni mwako, si mbele yako. Lile lenye nusu nyeusi na nusu wazi ni zuri baharini, ambako upeo umenyooka. Juu ya vilima hutia giza vilele pamoja na mbingu, na Mua ingekuwa kaa la makaa.

Niliyoitegemea ni njia ya zamani. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari ambazo baadhi yake alizitoa kwa bamba mbili, moja lililopimwa kwa mbingu na jingine kwa maji, kwa kuwa bamba za wakati ule ziliuona mwanga wa samawati kupita kiasi na kuiunguza kila mbingu. Nami kamera ikiwa haitikisiki nilipiga moja kwa kipimo cha mbingu, matuta yakawa meusi, na mara hiyo hiyo nyingine kwa kipimo cha matuta, mbingu ikaungua. Baadaye kompyuta huziunganisha. Simu nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe kwa kimya. Mwenye simu na afanye hivi: aguse mbingu kwenye skrini, ashikilie kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha aburute kushuka kidogo. Kivuli chaweza kunyanyuliwa baadaye. Weupe ulioungua hauna kitu ndani yake cha kunyanyua.

Binti yangu aliniuliza, "Baba, kuunganisha si kudanganya?" Nikamwambia kwamba mbingu ile na ardhi ile zilikuwa pamoja katika dakika moja, na jicho lake mwenyewe limeziona pamoja. Lakini ziko programu za simu zinazoing'oa mbingu ya Machakos na kupachika ya mahali pengine, yenye mawingu ya dhahabu, na watu huzitumia kwa furaha. Hilo silikubali. Picha ya harusi watajua wenyewe. Picha ya shamba linalokatwa viwanja ni ushahidi, na ushahidi haupambwi.

Dakika zenye faida zaidi, hata hivyo, zilikuja nilipokuwa nimedhani kazi imekwisha. Katika fiqhi jua kufichwa na mlima si kuchwa. Mwenye kufunga hafuturu kwa sababu Mua imesimama mbele yake. Hungoja jua lizame kwenye upeo wa kweli. Baina ya kufichwa na kuchwa kuna muda, dakika nne kwa kila uzi wa kimo cha mlima, na katika muda huo jua bado linaiangaza mbingu juu yetu lakini haligusi lenzi. Madoa hakuna, ukungu hakuna. Mbingu ilikuwa ya rangi ya embe, ukingo wa Mua umechorwa kama kwa kalamu, na mwanga laini wa mbingu yote ukatua kwenye matuta, kila ngazi na kivuli chake chembamba. Nilipiga mara kumi na moja. Kisha tukatafuta maji ya udhu.

Nilichapisha mbili, sentimita 30 kwa 45, juu ya karatasi isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa hurudisha mwanga wa dirisha, na kwa mtu mwenye mtoto wa jicho huo ni ukungu wa tatu. Moja ilikuwa ile ya jua nyuma ya grevilea, nyingine ya baada ya jua kufichwa. Tulimketisha barazani akiipa nuru mgongo. Aliishika ile ya pili karibu sana na jicho la kulia, ambalo lina nafuu, akaipitisha polepole kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma. Alihesabu kwa Kikamba. Kwenye tuta la nne alisimama, akaweka kidole, akasema hapo mama yake aliwahi kumpumzisha mdogo wao chini ya mbaazi wakati wa kuchimba, na kwamba tuta hilo lilibomoka kwa mvua mara mbili na mara mbili likajengwa. Mke wangu hakuwahi kuyasikia hayo. Wala shemeji, anayeishi pale, hakuyajua, tulimpigia simu.

Ile ya kwanza, yenye mwale mmoja uliochungulia pembeni mwa shina na kuacha doa dogo la kijani juu ya mahindi, mama mkwe aliirudisha akisema inamuumiza jicho. Binti yangu ameichukua. Ameiweka chumbani kwake pamoja na doa lake, na husema ndiyo inayomkumbusha jinsi jua lilivyokuwa kali siku ile. Sijamwambia aitoe.

Sukari imeteremka kidogo mwezi huu. Shemeji naye ametuarifu kwamba mnunuzi wa sehemu ya chini ataanza kuleta mawe baada ya mvua za vuli, na mama mkwe ameuliza kama itawezekana kumpigia pia njia ya kisimani, ambayo iko upande wa mashariki wa kilima. Hiyo itataka mwanga wa asubuhi, muda mfupi baada ya jua kupanda kadiri ya mkuki, wakati wa dhuha, nasi tutakuwa tumelipa mgongo.